Dawa Yenye Haiangushe

Maji? Eti ilikuwa maji? Hapana, kaka, ile neno uirudishe mu kinywa yako. Maji haikaushe yai ya kadudu. Burungu mvua inanyesha karibu kila siku ya Mungu. Kama maji ingekuwa inazuia mayai kupasuka, Masisi yote isingebakia hata na kadudu kamoja.

Vile njo nilimujibu kaka moja mwenye anauzisha sabuni pembeni yangu hapa ku soko ya Walikale. Alikuwa amesikia habari yetu kwa benye moto, ile pikipiki, benye banatoka kule juu, na yeye akaona ni ya kucheka: eti bamama ba Burungu balipoteza shamba juu ya musichana moja mwenye mudomo, mwenye alibapulizia maji. Ule musichana ni mimi. Nikasimama, fungu ya sombe, ile majani ya mihogo yenye nauzisha, ikaanguka, bantu bakageuka.

"Dada, pole pole," akasema. "Mimi nimesikia tu."

"Kama ni kusikia, basi usikie yote!"

Na weye mwenye unasoma, usikie yote pia. Jina ya muntu sitaitaja. Hata ya ule mwenye aliniumiza.

Mama mudogo wangu njo alinilea. Vita ilitutoa Burungu, ikatupeleka Kashuga, tukakaa mu kambi mupaka nikasahau namna muntu anafunga mulango yenye iko na ufunguo. Masomo yangu iliishia pale, mu sekondere, bila diplome. Kyenye najua leo nilijitafutia mwenyewe: mu redio, mu telefone, na kusoma kila karatasi yenye ilipita mbele yangu. Bantu balikuwa bananicheka: "Ule anasoma hata mufuko ya chumvi." Ndiyo, nilikuwa naisoma. Na nilikuwa naisoma kwa sauti.

Kashuga pale njo nilipata dada. Haiko wa damu. Tulilala chini ya bashi moja, ile hema ya plastiki, tukafunika blanketi moja, na mvua ikipita mu tundu, tulikuwa tunapokezana kulala upande yenye inalowana. Yeye kimya, mimi kelele. Majirani balituita redio na batri. Mutu akinitukana, yeye hasemi kitu, anakuja tu kusimama karibu yangu, bega kwa bega. Mimi naye, muntu akimugusa, nilikuwa naruka mbele akili haijafika. Muntu moja alimuita mwizi wa kuni, nilimumwangia maji ya kuoshea vyombo. Sijute.

Vile kulitulia, tukarudi Burungu, sisi wote: mama mudogo, batoto yake, mimi, na dada. Tukakuta kwenye tulilima zamani ngombe iko inakula majani. Ile kilima yote ilikuwa imeingia mu ferme ya patron moja mwenye anakaa muji. Patron mwenyewe hatujamuona. Mwenye tulimuona ni jera wake, njo kusema muntu mwenye anamuangalilia ferme: muzee wa kofia, bote safi ku miguu, mukono nyuma. Bamama bakamuomba. Wakamuomba tena. Mwisho akatuonesha kipande moja ya kilima, kando ya uzio wa miti.

"Mulime birayi," akasema. "Ikitoka muzuri, munaendelea. Ikiharibika, mahali inarudi ya ngombe. Na sitaki kelele."

Akaniangalia mimi vile alisema kelele.

Birayi, mwenye haiko wa kwetu, ni ile viazi ya muviringo, ya baridi, yenye inavaa jani nene. Mama mudogo alipiga nyumba ya mbao pembeni ya ile shamba. Ndogo, lakini na mulango. Alisema kitu moja ile siku yenye tulimaliza kupigilia bati: "Mimi chini ya bashi sirudi tena. Muniue, lakini sirudi." Kwa hiyo uelewe muzuri. Ile shamba kwake haikukuwa chakula tu. Ilikuwa kujua kama atabakia Burungu, ao hapana.

Sasa, ku birayi yetu kulikuwa kadudu. Ka muviringo, rangi ya tofali, madoa meusi mugongoni. Bamama balikaita kifungo, juu kanafanana kifungo ya koti. Kifungo kanakula jani kanaacha tu mishipa, jani inabakia kama wavu.

Sezo ya kwanza, njo kusema musimu ya kulima, tulipiga dawa yenye bantu bote banajua. Kwetu dawa inapimwa na pua na macho. Kwanza, inuke. Kama haikukamate ku koo, bamama banasema muuzaji amewaibia. Pili, iangushe. Banapuliza, banainama, banaangalia chini ya mimea. Kifungo ikianguka miguu juu, banaiokota, banaitia mu kopo, banaoneshana kama muntu anaonesha mufuko ya maharagi yenye amevuna. Siku ile tuliimba. Mimi pia niliimba.

Hakuna mwenye aligeuza jani.

Chini ya jani kulikuwa mayai. Ya manjano, imesimama wima, imeshonana kama bantu ku misa ya Noeli. Ile dawa ya kunuka haikuyafanya kitu. Kisha siku kidogo yalipasuka, na kulitoka batoto ba manjano, miiba mugongo yote, na njaa ya ajabu. Ile njo ilikula shamba. Tulivuna birayi kama macho ya mbuzi. Jera alikuja, akapiga teke tuta moja, akasema, "Sezo moja tena." Akaenda.

Mama mudogo alienda kukaa mu mulango yake.

Mimi nikakasirika. Mimi nikikasirika natafuta. Nilikaa na telefone pale kwenye rezo, ile mtandao, inafika, juu ya jiwe karibu ya barabara, nikasoma Kifaransa yenye sijue nusu, nikarudilia, nikauliza, nikasoma tena. Nikajua kama kuna dawa ya namna ingine, yenye haimutafute mukubwa. Nikavaa viatu, nikaenda Kitchanga.

Kule kulikuwa Papa moja wa upande wa Butembo mwenye aliuzisha mbegu na dawa. Rozari yake ilikuwa imefungwa ku mizani. Mbele sijamaliza kusema, akaangalia juu ya etajeri, ile rafu ya dawa.

"Ile? Iko. Imekaa pale mupaka vumbi imekuwa blanketi yake. Bantu hawaitake, haina harufu."

"Papa, mimi naitaka."

"Unaitaka. Kesho unanirudilia na bamama kumi nyuma yako, munalia eti nimebaibia." Akaishusha, akaipangusa na shati. "Sikia. Hii haiue mukubwa. Rudilia."

"Haiue mukubwa."

"Tena."

"Papa, nimesikia! Haiue mukubwa. Inaharibisha mayai na batoto."

"Basi. Nimejiosha mikono," akasema. "Uende na Mungu, na uvae ganti ku mikono."

Sasa, kueleza bamama. Ayayaya. Ilikuwa siku ya salongo, siku yenye tunalima pamoja, bote banakaa ku majani banakula viazi ya kuchoma. Nikasimama, nikabaambia: kadudu haina mufupa, ngozi yake njo mufupa. Kakikomala, ngozi ya zamani inakabana, kanaipasua na kutoka na ya mupya, sawa mutoto mwenye shati ya masomo ya mwaka jana imemukaba. Ile dawa inaharibisha ngozi mupya. Kanapasua ya zamani, lakini ya mupya haina nguvu, kanabakia pale katikati, mbele hakaendi, nyuma hakarudi. Na kama mama yake amekula jani yenye dawa, anatega mayai vile vile, lakini mutoto mwenye iko ndani hana nguvu ya kupasua.

Mama moja, mwenye mudomo kupita hata mimi, akasema:

"Kwa hiyo unatuletea planifikasio ya vidudu, bazae kwa mpango?"

Shamba yote ikacheka. Mwingine akashika tumbo: "Na bwana ya kifungo amekubali? Amesinya karatasi?"

"Hapana, banapaswa kwanza kupita ku santé, kule ku zahanati!"

"Na mukubwa, anakufa?" akauliza mwenye alikuwa hacheki.

"Mukubwa anabakia," nikasema. "Anakula kidogo, anazeeka, anakufa yeye mwenyewe. Mwenye kumaliza shamba ni batoto."

"Ah. Ah! Kifungo inabakia inatutembelea, na sisi tunaiangalia."

Pale njo dada alisimama. Yeye, mwenye haongei. Akatikisa majani ku kitenge yake na akasema, "Mimi nitabeba pompi."

Ni lazima nieleze hii. Pompi ya kupulizia dawa ilikuwa moja ya sisi bote, ya kubeba mugongoni. Na kwetu mu salongo mwenye amekubali kuibeba, ni yake mupaka sezo inaisha. Inalala kwake. Hakuna mwingine anaigusa, hakuna anamubishia, juu yeye njo anavuta ile hewa mubaya kwa ajili ya bote. Kusema vile mbele ya bamama ilikuwa sawa kusema: mwenye anamukataa huyu, ananikataa na mimi. Mama mudogo akapiga mikono mara moja, ikawa imeisha.

Mimi nilichanganya dawa, yeye akapuliza. Nilitembea nyuma yake mustari kwa mustari, tunageuza jani ili dawa ifike chini. Haikunuka kitu. Huko uzioni mulishi wa ngombe ya ferme alikuwa amesimama na fimbo, anapiga miruzi. Alikuwa kijana wa dada, njo kusema balikuwa banapendana, kila muntu alijua. Nilimutania dada, "Angalia, ngombe imepotea huku." Akacheka, pompi ikatikisika mugongoni.

Kisha tukangoja. Na kungoja, ndugu, njo kulituua.

Vifungo ilikuwa inatembea. Inatembea kama benye shamba. Kila asubui mama moja alikuja na kamoja mu kiganja: "Dada, huyu amesema nikusalimie." Mwingine: "Yangu amenenepa, naona dawa ni vitamini." Nilipiga kelele, nikatukana, nikaomba musamaha, nikatukana tena. Lakini chini ya majani nilikuwa na yangu. Nilifunga uzi ya kitenge ku mimea yenye nilikuta mayai, na kila siku niligeuza. Ile manjano ikaanza kuchafuka. Ikawa ya kahawia, ikaingia ndani kama shavu ya muzee asiye na meno. Fungu zingine zilipasuka nusu: katoto kanatoa kichwa, kanabakia pale, ngozi imekashika mukia. Kavu. Nilimuita dada, nikamuonesha. Akainama, akaangalia wakati murefu.

"Kweli," akasema.

"Umeona?"

"Nimeona. Lakini jera hatainama."

Ile neno sikuisikia muzuri. Nilipaswa kuisikia, lakini nilikuwa na furaha, na mutu wa furaha hasikie. Jera alikuwa ametuma neno kama atapita kuangalia. Mama mudogo aliniuliza mara moja tu, alikuwa anapepeta maharagi, hakuinua hata macho.

"Mutoto yangu, uko na hakika?"

"Niko nayo, mama."

"Basi."

Dada alikuwa pale. Alisikia ile basi. Akaniuliza pembeni, "Na jera akiona vifungo inatembea?" Nikamujibu vibaya, "Aone! Macho ni yake!" Akaenda kwake na pompi yake.

Asubui yenye ilifuata nilisikia vigelegele mbele sijafika shamba. Bamama balikuwa bameinama, banaokota. Kopo zilikuwa zimejaa. Chini ya kila mumea vifungo, miguu juu, kama mutu amemwanga shanga. Ule mama wa planifikasio akanikumbatia, akaniinua mupaka kandambili yangu ikaanguka.

"Dawa yako imeanza! Kumbe ilikuwa inakuja na miguu!"

"Nisamehe, dada, nisamehe, nilikutukana mupaka ku bokoo, babu na bibi zako!"

Mimi nilisimama pale, na pua yangu ilikuwa imejua. Harufu. Kila muntu mwenye amekomalia karibu ya ngombe anaijua: ni dawa ya kupe. Ile ya mafuta mafuta, yenye banaoshea ngombe siku ya kupe, inakamata ku koo, inakaa mu nguo. Na mimi sikuleta dawa ya kupe. Nikamutafuta dada na macho. Alikuwa anaosha pompi ku mufereji, mugongo kwangu.

Nikaenda. "Umetoa wapi dawa ya kupe?"

"Nyamaza."

"Umeitoa wapi? Kwa ule wako? Ni ya ferme?"

"Nyamaza, nakuomba. Umeona vile banakuimbia?" Macho yake ilikuwa nyekundu, hakukuwa amelala. "Nimekuokoa. Balikuwa banataka kukufukuza. Jera akija anakuta safi. Mayai yako imekufa, na wakubwa bamekufa. Mubaya iko wapi?"

Nilimuangalia. Naapa, mu ile dakika hasira yangu ilikuwa kidogo, ya kawaida, kama ya kuuziwa chumvi yenye mchanga. Kwani alikuwa amenifanyia mimi. Alikuwa amesimama karibu yangu bega kwa bega, vile alizoea. Nikasema, "Usirudilie tena," na nikamusaidia kumwanga maji.

Jua likatoka. Masisi jua haipatikane hivi hivi, lakini ile siku na yenye ilifuata ilitoka ikang'aa kama imelipwa. Dawa ya ngombe ni ya ngombe. Ngozi ya ngombe ni ngozi. Jani ya birayi ni jani, na alikuwa ameichanganya nguvu vile mulishi anachanganya kwa kupe. Majani ikaanza kukunjika ku ncha. Kisha ikawa ya kahawia. Kisha miti yenyewe ikalala, mustari kwa mustari, kwenye pompi ilipita. Ilikuwa inaonekana kabisa kwenye alitembea. Kona moja yenye hakufika, karibu ya nyumba ya mama mudogo, ilibakia kijani, mimea ya kuhesabia ku vidole, yenye haikukuwa na uzi yangu hata moja.

Bamama habakuimba tena.

Jera alikuja na kofia yake. Nyuma yake alikuwa ule mulishi, fimbo mu mukono, anaangalia kwato ya ngombe kama anaisoma. Bamama balisimama kwa mustari, mama mudogo mbele. Jera akavunja shina moja, likatoa sauti ya kuni.

"Nani alipuliza?"

Dada akatoka mbele. Moyo yangu ikatulia, haki ya Mungu ikatulia. Nikasema ndani yangu, huyu ni wangu, sasa anasema.

Akasema, "Mimi nilibeba pompi tu. Dawa anachanganya yeye."

Na akanionesha na kidevu. Hata kidole hapana. Na kidevu, sawa vile munaonesha mbuzi ya kununua.

Uangalie ile sentensi muzuri. Haina uongo ndani. Mimi njo nilikuwa nachanganya. Yeye alibeba. Ukiipeleka ku tribunali itapita. Na ilinipasua.

Unafikiri nilinyamaza? Mimi? Nilipiga kelele mupaka ngombe ikaacha kula. Nilimuambia jera kama dawa yangu haichome jani, aende aulize Papa wa Kitchanga. Nilimuita muongo, nikaita kofia yake sufuria. Nilibaambia bamama kama beko kigeugeu, leo vigelegele kesho mawe. Nilikimbia nikatafuta mumea yangu ya uzi, nikang'oa, nikamuletea: angalia mayai! angalia, imekauka! Na yeye akaangalia lile jani, lilikuwa limekauka lote, limekunjika, kahawia juu na chini, akasema, "Mutoto, hapa kila kitu kimekauka." Hata mimi, nilipoliangalia, sikuweza tena kumuonesha kipi kilikausha kipi. Dada alikuwa ameunguza hata ushahidi yangu.

Nilisema yote. Kitu moja tu sikusema. Neno moja: kupe. Ningeisema, jera angegeuka nyuma yake, kwani ile dawa ilitoka mu stoki yake mwenyewe, na mulishi wake njo aliitoa. Pengine angeona aibu, pengine angetuachia sezo ingine. Pengine. Na ule kijana angefukuzwa na fimbo, kama si zaidi, na dada angebakia na jina ya mwizi kweli sasa. Kila nafasi nilivuta pumuzi, nilimuangalia dada, nikamungojea. Sema weye. Mulango iko wazi, sema. Aliangalia miguu yake.

Mama mudogo aliniangalia pia. Ule alikuwa na pua sawa yangu. Nafikiri alijua. Alisema tu, "Inatosha, mutoto. Umechoka."

Tulichimba yenye ilikuwa chini, midogo, ya maji maji, haraka haraka, na kabla ya juma kuisha uzio ulifunguliwa, ngombe ikaingia, ikakanyaga matuta, ikakula majani yenye iliota pembeni. Jera alimuambia mama mudogo kama nyumba inaweza kubakia mupaka apate kwa kwenda. Alisema kwa adabu. Mama mudogo aling'oa bati yake siku ile ile, mbele yake, musumari kwa musumari.

Kashuga hakurudi. Alikuwa amesema na ilikuwa kweli. Tulifunga mizigo, tukapita Pinga, tukatelemuka mu pori mupaka huku Walikale, kwa shemeji yake mwenye analima ndizi na mihogo ku shamba yake. Bantu ba huku bametupokea muzuri, sina neno. Bametupa mahali ya kulima. Lakini mama mudogo ni muntu wa baridi. Huku joto inamufunga kifua, anakohoa, na mulango yenye analalia ni ya nyumba ya wengine. Akiona mawingu upande wa juu, anasimama kidogo.

Sijamutaja dada kwa muntu yeyote. Bantu ba Burungu mupaka leo banasema ni mimi.

Juma yenye imepita, kijana wa moto alifika ku soko na mufuko. "Ni ya mama yako," akasema, "imetoka Burungu." Birayi. Kubwa, safi, ngozi nyekundu, udongo yetu bado iko inashika. Huku birayi ni chakula ya benye duka. Sisi tunaiangalia tu. Nikauliza nani ametuma. Akanipa telefone yake, nikasikiliza sauti yenye ilitumwa, nikajitumia pia ku yangu.

Alikuwa yeye. Alisema bameoana, yeye na ule mulishi. Alisema jera amebapa mahali ya kulima, kipande ya ile ile kilima, kando ya uzio. Alisema nimusalimie mama. Kisha nikasikia kuku nyuma yake, na akasema, pole pole vile anaongeaka:

"Dada, nilienda kwa ule Papa wa Kitchanga. Nimepuliza ile dawa yako. Haiangushe, kweli, lakini mayai yote ilikauka. Ulikuwa na haki."

Njo hiyo tu. Ulikuwa na haki. Kwangu mimi, mu telefone ya muntu. Si kwa jera. Si kwa bamama.

Nilitaka kumwanga ile mufuko mu barabara, camion, ile lori, ipite juu. Nilikuwa nimeishainua. Lakini ilikuwa imetumwa kwa mama, na mimi ya mama sitoshe kumwanga. Nikaibeba mupaka nyumbani, nikaitua, nikamusikilizisha ile sauti yote, sikukata kitu. Alisikiliza mupaka mwisho. Hakushituka. Akafungua mufuko, akatoa moja, akainusa, akatafuta kisu.

Sasa hivi niko naandika, yeye iko anamenya. Anamenya nyembamba kabisa, hataki kitu kipotee, na kifua yake leo imetulia. Sufuria iko ku moto. Ameniita mara ya kwanza nikasema nakuja. Ameniita tena, ameweka sahani yangu.

Weye, ungekula?